Snea ya Pearl FFX ya inchi 14: je, inafaa bendi za Nairobi?

Bendi nyingi za Nairobi bado zinapiga ngoma ya pembeni ya mtindo wa Kiingereza: mkanda begani, ngoma imeinamia paja la kushoto, ngozi ya plastiki, boliti nane au kumi. Ndizo tunazozisikia Jumapili asubuhi bendi za Jeshi la Wokovu zinapopita mitaani, na ndizo wanazojifunzia vijana wa Boys' Brigade. Kwa kazi yake ni ngoma nzuri. Lakini vijana wanaotazama mashindano ya Drum Corps International (DCI), chama cha Marekani cha bendi za vijana za tarumbeta na ngoma, kwenye simu huja mazoezini na swali moja: mbona yetu hailii vile? Wanasema ule mlio mkavu, mfupi, wa juu, kama mvua ya mawe juu ya mabati, ambapo watu tisa wanapiga na sikio linasikia mtu mmoja.

Sehemu kubwa ya jibu ni mazoezi. Iliyobaki ni chombo, na ndicho tunachokipima hapa: snea (ngoma ya bendi yenye nyuzi zilizotandwa chini yake) ya Pearl FFX ya safu ya Championship Maple, inchi 14 kwa upana na 12 kwa kina. Yamaha na Mapex wana zao za daraja hilo hilo, na karibu yote tutakayosema kuhusu kuwamba, kubeba na kutunza yanazihusu pia.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: inunueni kama mna wapiga snea watatu au zaidi, mwalimu aliye tayari kuwafundisha wapige pamoja kama mtu mmoja, na fungu la kununulia ngozi za akiba. Bendi yenye snea moja tu ya kuongoza maandamano ya kanisa haina haja nayo.

Enzi mpya ilianzia kwenye ngozi

Wapenzi wa mashindano haya hubishana enzi ya sasa ilianza lini. Wako wanaotaja 1972, DCI ilipofanya fainali yake ya kwanza huko Whitewater, Wisconsin, Anaheim Kingsmen wakashinda. DCI iliundwa mwaka uliotangulia na bendi zenyewe, zilizochoka kuendeshwa kwa kanuni za vyama vya wanajeshi wastaafu. Wako wanaotaja 1984, waamuzi walipoacha kukata sehemu ya kumi ya alama moja kwa kila kosa na kuanza kuipa kazi alama kwa ubora na ugumu wake. Wengine wanashikilia 2000, zilipoingia tarumbeta za ufunguo wowote wa muziki badala ya zile za G tu, au 2004, vipaza sauti viliporuhusiwa uwanjani.

Kila mwaka kati ya hiyo una uzito wake. Hata hivyo, ukiwasha rekodi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na nyingine ya miaka ya 1990, ukafumba macho na kusikiliza ngoma peke yake, utatambua mpaka bila kuambiwa. Mpaka wenyewe ni ngozi ya snea.

Ngozi za plastiki zilikuwa na kikomo. Mtunzi akitaka noti nyingi zaidi kwa kila pigo, na zisikike na mtu aliyekaa juu jukwaani mita mia moja kutoka kwa mpigaji, kila pigo lazima life haraka ili linalofuata lisikike. Njia ya kulifupisha ni kukaza ngozi. Ukiikaza plastiki kupita kiasi, inavutika, inashuka sauti, na mwisho inachomoka kwenye ringi yake. Hapo ndipo miaka ya 1980 ilipoleta ngozi za kevla, ule uzi uliobuniwa na Stephanie Kwolek akiwa DuPont mwaka 1965, unaotumiwa kutengenezea fulana za kuzuia risasi. Kevla haivutiki kirahisi. Ilipopatikana, mafundi waliendelea kukaza mpaka kitu kingine kikashindwa: mizinga ya mbao, yaani miili ya ngoma zenyewe, ilianza kukunjamana na vishikio vya boliti vikang'oka.

Mzinga ulipokuwa ndio unaoshindwa, wahandisi waliutoa mzigo. Ndivyo tulivyopata snea kama hii ya FFX, ambayo herufi mbili za mwanzo za jina lake, FF (Free Floating), zinataja muundo huo wa mzinga usiobebeshwa vyuma.

Ilivyoundwa

Kwenye ngoma ya kawaida, vishikio vya boliti hufungwa kwenye mzinga kwa skrubu, kwa hiyo kila unapokaza unauvuta mzinga wenyewe. Kwenye FFX hakuna kishikio kilichotobolewa kwenye mbao. Boliti 12 za ngozi ya juu hushuka hadi kwenye ringi nzito ya alumini iliyo chini, na mzinga wa mbao za mepo (maple) umekaa katikati kama glasi iliyosimama ndani ya kikapu. Ngozi inausukuma kwenda chini, alumini inaupokea, na nguvu yote inapita wima. Mbao huvumilia kusukumwa wima kuliko kuvutwa ubavuni. Ngozi ya chini ina boliti zake 12, nayo hukazwa bila kuigusa ile ya juu.

Liko toleo la CarbonCore, lenye utando wa nyuzi za kaboni upande wa ndani wa mzinga. Linalia kwa ukali zaidi na halisumbuliwi sana na hali ya hewa. Kwa bendi ya Nairobi tungebaki na mepo peke yake. Julai yetu ya baridi na mvua za Machi hadi Mei haziuathiri mzinga uliopakwa vanishi vizuri na kuhifadhiwa ndani ya kasha, na mlio wa mbao una joto kidogo linalopatana na tarumbeta na tuba.

Faida kubwa ya muundo huu kwa fundi wa hapa ni kwamba ngoma inafunguka yote. Toa boliti, nyanyua ringi, mzinga unatoka mzima mikononi. Vumbi jekundu la viwanja vyetu linalojificha chini ya ringi na kula nyuzi za skrubu linasafishwa kwa dakika kumi.

Mlio, ukisikiliza kwa karibu

Shika mkwiro kwa ulegevu, nyanyua ncha sentimita tano tu juu ya ngozi, kisha iachie idondoke. Kwenye ngoma ya pembeni ya zamani ncha inaruka mara mbili, tatu, inazama. Kwenye FFX iliyowambwa sawasawa inaruka mara nyingi, kila mruko mfupi kuliko uliotangulia, na kila mmoja unausikia peke yake mpaka wa mwisho. Hiyo ndiyo maana ya kusema ngoma inasoma: haifichi kitu.

Hapo ndipo furaha na taabu ya chombo hiki zinapokutana. Rolo (mapigo ya mfululizo) ya mapigo mawili mawili ambayo kwenye ngoma ya kanisani inasikika kama kitambaa laini, hapa inatoka kama shanga zilizotungwa, na shanga moja ikiwa ndogo kila mtu anaisikia. Flamu, yaani pigo kubwa linalotanguliwa na noti ndogo, ambayo noti yake ndogo imechelewa inasikika kama watu wawili wanaogongana mlangoni. Wapigaji wawili wakipishana kidogo tu, mlio mkavu unapasuka vipande viwili. Bendimasta atakayeweka ngoma hizi mbele ya vijana wasiofanya mazoezi ya rudimenti, yale mapigo ya msingi ya ngoma, atasikia makosa ambayo ngoma ya zamani ilikuwa ikiyafunika miaka yote. Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma, ilikubali orodha ya rudimenti 40 mwaka 1984, na kwa ngoma hii tungesisitiza kumi za mwanzo zikae mikononi kwa mwendo wa polepole kabla ya kutoka nje ya ukumbi.

Udhaifu wake ni sauti ndogo. Mkwiro ukianzia chini ya kimo cha sentimita saba hivi, nyuzi za chini zisiporekebishwa, ngoma hii inalia kama meza. Kwa wimbo wa ibada unaopigwa kwa upole na wapiga pembe watatu, ngoma ya zamani inaishinda kabisa.

Ngozi gani juu, ngozi gani chini

Hapa watu wanapoteza pesa nyingi kuliko mahali pengine. Ngozi ya inchi 14 ya dramu za kanisani, ile inayouzwa karibu kila duka la ala mjini, inaingia kwenye FFX bila shida. Kuingia si kufaa. Ikikazwa kwa kiwango cha ngoma hii itachomoka kwenye ringi yake, pengine katikati ya maandamano. Ya chini ni hatari zaidi: ngozi ya kawaida ya upande wa nyuzi ni nyembamba kama karatasi ya nailoni, na boliti 12 za FFX zitaipasua kabla hujafika nusu ya safari. Agiza ngozi za bendi, juu na chini, zilizoandikwa hivyo na mtengenezaji.

Kwa juu kuna njia mbili. Kevla halisi, kama Remo Falams, ni ngumu kama ubao na inalia kwa ukali usio na mpinzani. Ndiyo iliyoweka alama ya enzi yenyewe, na ndiyo iliyoumiza vifundo vya mikono ya wapigaji wengi, kwa sababu pigo likigonga kitu kisichokubali, mshindo unarudi kwenye mkono. Baadaye zikaja ngozi za nyuzi zilizochanganywa, kama Evans Hybrid, ambazo zinabonyea kidogo chini ya mkwiro. Kwa vijana wanaoanza, tunapendekeza za mchanganyiko bila kusita. Unapoteza ukali kidogo, unaokoa mikono.

Onyo moja litiliwe maanani: usiiweke ngozi ya kevla kwenye ngoma ya pembeni ya zamani yenye vishikio vilivyofungwa mzingani kwa matumaini ya kupata mlio huu. Ngozi haitakubali, boliti zitavuta, na kitakachokubali ni mbao. Mzinga utapinda na hautanyooka tena.

Kuwamba hatua kwa hatua

Anza na ngozi ya chini. Ikiwa juu imeshakazwa, masikio hayataweza kuipima chini vizuri.

Futa ukingo wa mzinga kwa kitambaa kikavu, pitisha kidole ukizunguka. Kidole kikikwama mahali, pana mkwaruzo au gundi. Laini kwa msasa mwembamba kabisa, bila kubadilisha umbo la ukingo. Paka kila boliti grisi nyeupe ya lithiamu, tone dogo tu, na uhakikishe kila moja ina washa yake. Washa ikikosekana, boliti inasaga ringi na kukudanganya: mkono unahisi imekaza, kumbe ni msuguano.

Kaza zote kwa vidole mpaka zigome. Kisha chukua ufunguo na uifikirie ngoma kama uso wa saa. Kaza 12 halafu 6, 3 halafu 9, 1 halafu 7, 4 halafu 10, 2 halafu 8, 5 halafu 11. Nusu mzunguko kila moja, hakuna zaidi. Kila ukimaliza duara, pima kwa rula umbali kati ya ringi na ukingo wa alumini mahali pane. Ringi ikiinama upande mmoja sasa, haitanyooka baadaye. Itakuwa ikilia noti mbili kwa wakati mmoja hata ukikesha nayo.

Ngozi ikianza kutoa noti badala ya kukohoa, punguza iwe robo mzunguko. Gonga kwa mkwiro sentimita nne kutoka kila boliti, ukitumia programu ya kupimia noti kwenye simu kama sikio halijazoea, huku kidole kimoja kikigusa katikati ya ngozi ili mlio usichanganyike. Boliti zote 12 zipatane kwanza kwa noti ya chini. Ndipo mpande pamoja.

Kisha iache ilale. Ngozi mpya ya kevla huketi usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeshuka. Mwenye haraka humaliza kazi yote siku moja, akaipeleka uwanjani, na mchana wa pili ngoma zake tano zina noti tano. Kazi ya kuwamba kwa ajili ya Jumapili ianze Alhamisi.

Kiwango cha mwisho ni suala la masikio, lakini kuna kipimo cha mkono. Bonyeza katikati ya ngozi ya juu kwa dole gumba, kwa nguvu. Ya kevla isibonyee kabisa. Ya mchanganyiko ibonyee kiasi cha unene wa kadi ya benki. Ukifika hapo, acha. Karibu kila ngoma ya aina hii inayoharibika, huharibika kwa sababu mtu aliongeza robo moja ya mwisho akitafuta mlio aliousikia kwenye video. Mlio huo mara nyingi ni wa ngozi mpya, mikono mizuri na kipaza sauti kilicho karibu.

Na tukitaja video: fainali zenyewe hufanyika Agosti katika Lucas Oil Stadium, Indianapolis, zilikokuwa tangu 2009 isipokuwa 2020 msimu ulipofutwa kwa korona, na 2021 palipokuwa na maonyesho tu bila mashindano. Jumamosi usiku kwao ni usiku wa manane kuamkia Jumapili kwetu. Uwanja huo una paa na sauti inavuma ndani yake, kwa hiyo usitumie rekodi ya jukwaani kupimia ngoma yako. Sikiliza zile zinazochukuliwa nje, bendi ikipasha moto kwenye maegesho ya magari. Huko ndiko ngoma inasikika ilivyo.

Nyuzi za chini

Kwenye snea hii nyuzi hukazwa moja moja, na ni sehemu ambayo wengi huiacha ilivyotoka kiwandani. Geuza ngoma juu chini mahali penye kitambaa laini, funga wenzo unaobana nyuzi, kisha udonoe kila uzi kwa ukucha kama unavyodonoa waya wa gitaa. Ulio legevu utasikika mzito. Kaza kwa bisibisi ndogo mpaka zote zilie karibu sawa. Baada ya hapo rekebisha kimo cha nyuzi: ziguse ngozi tu, zisiizamie. Zikiizamia, ngoma inasongwa. Pigo kubwa linasikika, pigo dogo linakufa. Geuza tena, piga kwa ncha polepole karibu na ukingo, na ukaze kifundo kikubwa cha kukazia nyuzi kidogo kidogo mpaka ule mlio wa nyuki ukome nyuma ya kila noti. Hapo ndipo ilipo. Robo mzunguko mbele yake, ladha yote imepotea.

Ukiona ngoma iliyowambwa vizuri bado inalia kama meza, usiguse boliti. Tatizo ni nyuzi, mara tisa kati ya kumi.

Kubeba

Ngoma na fremu yake ya kubebea zikiwa pamoja hukaribia kilo 10. Mkanda wa begani wa ngoma ya zamani haufai hapa, si kwa uzito tu: ngoma hii hukaa bapa mbele ya tumbo, na mkono wa kushoto ulioshika kwa mtindo wa kizamani lazima ujifunze upya, kwa sababu mshiko ule ulizaliwa na ngoma iliyoinama. Bendi za Marekani zimeuhifadhi mshiko huo kwa mapenzi, hata baada ya sababu yake kuondoka. Bendi inayoanza leo inaweza kabisa kushika mikono yote miwili sawa.

Rekebisha fremu mabega kwanza, mgongo pili, kimo cha ngoma mwisho. Mpigaji akisimama na viwiko vimelegea kando, mikono ishuke kidogo kuelekea katikati ya ngozi. Ikimbidi ainue mabega, ngoma iko juu mno na baada ya nusu saa shingo itauma. Skrubu za fremu hulegea kwa kutembea. Mtu mmoja akague kabla ya kila gwaride. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kutengeneza stendi nzuri za mazoezi kwa mabomba ya chuma. Fremu ya kubebea isitengenezwe kwa chuma hicho. Kilo mbili zikiongezeka mgongoni zinahisiwa kila hatua kutoka Jogoo Road hadi katikati ya mji.

Kwa watoto wa shule ya msingi hatuipendekezi kabisa. Kwa wa sekondari wenye umbo dogo liko toleo la inchi 13 kwa 11, jepesi zaidi, lenye mlio wa juu zaidi. Halichanganyiki vizuri na la inchi 14 katika mstari mmoja, kwa hiyo chagueni moja.

Mikwiro nayo ni mingine. Ile myembamba ya dramu za kanisani itavunjika ndani ya wiki. Tafuta ya bendi, yenye urefu wa inchi 17 hivi na unene wa inchi 0.7. Ya kuzidi hapo inachosha wanaoanza.

Ukinunua ya mtumba

Ngoma hizi mara nyingine hufika nchini zikiwa zimeshatumika shule za Marekani miaka mingi. Zinaweza kuwa bei nafuu na zinaweza kuwa mzigo. Usikubali kuipima ikiwa imefungwa. Omba ngozi zitolewe, kisha pima kipenyo cha mzinga kwa utepe mahali pane, kama unavyokata keki. Tofauti ikizidi milimita mbili au tatu, mzinga umepinda. Shukuru, rudisha pesa mfukoni. Laza mzinga juu ya kioo cha meza na umulike tochi ya simu kutoka ndani: mwanga ukivuja mahali, ukingo haujanyooka. Chunguza ringi ya alumini kwa nyufa, hasa pale boliti zinapoingia. Zungusha kila boliti kwa vidole. Inayogoma katikati ya njia ina uzi ulioliwa.

Boliti iliyoliwa si mwisho wa ngoma, lakini usinunue mbadala kwa kukisia. Ipeleke yenyewe Kirinyaga Road kama sampuli, na uifungie nati yake kwa vidole kabla hujalipa. Uzi unaokaribiana bila kulingana utaingia mizunguko mitatu kisha ule alumini, na alumini ikishaliwa hakuna boliti itakayoshika.

Fungua na ufunge wenzo wa nyuzi mara ishirini. Ni kipuri kidogo, lakini ndicho kigumu kukipata hapa.

Gharama halisi

Ngoma mpya peke yake huko Marekani ni karibu dola 1,000 au zaidi. Juu yake weka fremu, kasha, nauli ya ndege, bima, ushuru wa forodha na ada zake, halafu VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru kwa pamoja, si juu ya bei ya dukani peke yake. Bendi nyingi hupanga kwa bei ya mtandaoni na kukwama mzigo ukiwa tayari uwanja wa ndege wa JKIA, siku zinahesabiwa na ada ya ghala inaongezeka. Zungumzeni na wakala wa forodha kabla ya kuagiza, mkiwa na ankara ya makadirio mkononi. Na agizeni ngozi ndani ya mzigo uleule: kwa kila ngoma, mbili za juu na moja ya chini, boliti nne, washa kumi na mbili na seti moja ya nyuzi. Ngozi moja ikiagizwa peke yake baadaye, nauli inaweza kupita bei yake.

Mahesabu haya ndiyo yanayotufanya tusipendekeze ngoma moja moja. Snea moja ya aina hii katikati ya tatu za zamani inazifunika zote na haipatani na yoyote. Nunueni tatu, hata ikibidi kusubiri mwaka mmoja zaidi mkichanga, na wakati wa kusubiri vijana wafanye rudimenti kwenye vipande vya mpira wa matairi vilivyogundishwa juu ya mbao. Mruko wake hauko mbali na wa ngozi ya mchanganyiko.

Masikio

Hili halimo kwenye kasha wala kwenye ankara. Wataalamu wa afya kazini hupendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na muda huo hupungua haraka kelele ikipanda. Snea ya kevla kwenye ukumbi wa kanisa wenye kuta za saruji inazidi hapo kwa mbali. Kila mpigaji awe na vizibo vya masikio, na mwalimu anayesimama mbele yao pia, kwa kuwa yeye hupokea mlio wa ngoma zote. Vya povu vinavyouzwa maduka ya dawa vinatosha kuanzia, mradi viingizwe sawasawa: kikunje kiwe chembamba kwa vidole, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha ukishikilie mpaka kijae.